Makosa ya Kiingereza na Kicheko Chetu



Liko jambo ambalo hatulisikii likitajwa katika mahubiri, wala hatulioni katika maswali ya kujihoji nafsi kabla ya Ekaristi, nalo hutokea mbele ya macho yetu karibu kila penye arusi, maziko, au mkutano uliojiwa na mgeni. Mtu husimama kusema. Kwa kuwa yuko mgeni, au kwa kuwa ameona waliomtangulia wakifanya vivyo hivyo, huanza kwa Kiingereza. Husema "he" alipotaka kueleza habari za mkewe, au husema "furnitures", au husema "we discussed about"; na pale pale benchi la nyuma hukohoa kikohozi ambacho si cha mafua. Yule msemaji husikia. Humaliza upesi, huketi, na mwaka ule hasimami tena, hata kwa Kiswahili.

Twauliza: katika mambo mawili hayo, la aliyekosea na la waliocheka, lipi ni kosa? Wako wasemao kwamba yote mawili si kitu. Lugha ni chombo tu, ukieleweka yatosha, na kicheko ni kicheko. Wako wengine, hasa wale waliosoma zamani wakachapwa kwa ajili ya "s" moja iliyosahauliwa mwishoni mwa kitenzi, wasemao kwamba asiyejua asisimame. Sisi hatukubaliani na upande wo wote, na twapenda kueleza sababu.

Mtakatifu Augustino alikuwa Mwafrika, mzaliwa wa Thagaste, mji uliokuwa katika nchi iitwayo leo Algeria, na baadaye askofu wa Hippo, ambao siku hizi huitwa Annaba. Kabla ya kubatizwa mwaka 387 kazi yake ilikuwa kufundisha ufasaha wa kusema, kwanza huku Afrika, kisha Roma na Milan. Alikijua Kilatini kuliko wengi waliokuwa wakijivuna nacho. Hata hivyo ameandika mwenyewe kwamba Waitalia walikuwa wakimsumbua kwa jinsi alivyotamka baadhi ya maneno (naye, twafurahi kusema, akawarudishia kwa kuyasahihisha ya kwao). Mtu huyu basi hakuidharau sarufi, maana ilikuwa mkate wake. Lakini katika kitabu cha Maungamo, alichokiandika kati ya mwaka 397 na 400 hivi, anashangaa jambo moja. Neno la Kilatini la kumtaja mwanadamu huanza kwa herufi "h", na watu wengine huiacha, kama yule kwetu asemaye "abari" badala ya "habari". Augustino asema kwamba wenye elimu wa siku zake walimchukia zaidi mtu aliyeiacha "h" katika neno la kumtaja mwanadamu kuliko mtu aliyemchukia mwanadamu mwenyewe. Sheria ya herufi waliilinda kwa bidii, na sheria ya upendo wakaiacha ipite.

Hayo yaliandikwa zaidi ya miaka 1,600 iliyopita, na benchi la nyuma halijabadilika.

Maandiko nayo yanajua habari hizi. Katika Waamuzi sura ya 12, Wagileadi walivishika vivuko vya Yordani, na kila aliyetaka kuvuka waliambia aseme neno Shibolethi. Mwefraimu hakuweza kuitamka "sh". Alisema Sibolethi, wakamwua. Waliokufa walihesabiwa 42,000. Neno lenyewe lilikuwa la kawaida tu, halina dini wala siasa ndani yake. Lilitumika kama wavu. Petro naye, usiku ule wa moto uani kwa Kuhani Mkuu, alikamatwa na usemi wake. Waliosimama hapo walimjua kuwa Mgalilaya kwa kumsikia tu. Katika habari hizo zote mbili hakuna aliyemsikiliza mtu ili ajue anataka nini. Walisikiliza ili wajue wametoka wapi.

Sasa tuje kwenye hicho Kiingereza chenyewe. Wengi wetu twadhani kwamba sheria zake zilishuka pamoja na mbao mbili za Musa. Sivyo. Mojawapo ya vitabu vya sarufi vilivyosomwa sana na Waingereza kilitungwa na kasisi wa Kanisa letu hili la Kianglikana, Robert Lowth, kikatoka mwaka 1762. Lowth baadaye alifanywa askofu, na tangu 1777 hata kufa kwake mwaka 1787 alikuwa Askofu wa London. Ndiye pia aliyewaonyesha wasomaji wa Ulaya jinsi mistari ya Zaburi inavyoitikiana, nusu ya pili ikiijibu nusu ya kwanza. Kwa hiyo alikuwa na sikio jema la maneno. Katika sarufi yake alitafuta mifano ya makosa, na hakuitafuta kwa wavuvi wala kwa wachukuzi wa bandarini. Aliitoa kwa Shakespeare, kwa Milton, kwa Swift, kwa Pope, na katika tafsiri ya Biblia ya Kiingereza ya mwaka 1611. Maana yake ni kwamba mabingwa wenyewe wa lugha ile, kwa kipimo cha Lowth, walikosea.

Hata Sala ya Bwana haikusalimika. Katika Kitabu cha Sala cha Kiingereza cha mwaka 1662 Baba yetu anatajwa kwa kiwakilishi "which", ambacho Kiingereza cha leo hukitumia kwa vitu, si kwa watu. Lowth alilitaja jambo hilo, akaeleza kwamba watu wa kale walitumia "who" na "which" bila kuyatenga. Kanisa la Marekani lilipotoa Kitabu chake cha Sala mwaka 1789 liligeuza neno hilo kuwa "who". Waingereza wengi waliendelea na "which", wakazeeka nayo, wakafa nayo, na hatudhani kwamba Baba alikataa kuwasikia kwa sababu ya kiwakilishi.

Lowth mwenyewe aliandika kwamba kuimaliza sentensi kwa kihusishi kwafaa katika mazungumzo kuliko katika maandishi ya heshima. Na sentensi aliyotumia kusema kwamba Kiingereza kina mwelekeo huo, aliimaliza kwa kihusishi. Wengine husema alikuwa akifanya mzaha. Sisi twapenda kuamini hivyo, maana askofu mwenye mzaha ni faraja.

Basi, kama sheria zenyewe zina umri na zina waliozitunga, je, tuziache? La. Hapo ndipo tunapoachana na wale wasemao lugha ni chombo tu. Chombo kibovu huumiza watu. Lakini makosa hayalingani, na kosa letu kubwa sisi tusahihishao ni kuyatia yote kapu moja.

Yako makosa yasiyomdhuru mtu. Asemaye "furnitures", "advices", "equipments" na "informations" ameeleweka kabisa. Alichofanya ni kuyahesabu majina ambayo Kiingereza hakiyahesabu. Ukitaka kumweleza, usimwambie "ni makosa" halafu ukanyamaza. Mwambie ayafikirie kama mchele. Sisi hatusemi "mchele mitatu". Twasema kilo tatu za mchele, au magunia matatu. Kwa Mwingereza shauri ni kama mchele, habari ni kama mchele, na viti na meza za nyumba nzima zimo katika gunia moja. Ndivyo alivyo, tumwachie.

Asemaye "discuss about" naye hana hatia kubwa. Anatafsiri "kuzungumza juu ya". Kumbe ndani ya kitenzi kile "juu ya" imekwisha kuwamo, kama vile katika "kumwandikia" kwetu sisi ile "-ia" imekwisha kumchukua mwandikiwa. Hatuongezi tena neno la kuonyesha kwamba ni yeye. Mtoto akielezwa hivyo mara moja hasahau. Na asemaye "she sings good" akumbushwe kwamba hata Kiswahili hakisemi "anaimba mzuri". Twasema "mwimbaji mzuri", na twasema "anaimba vizuri". Kivumishi humfuata mtu au kitu, kielezi hukifuata kitenzi. "Good" ni mzuri, "well" ni vizuri. Tofauti ile ile waliyonayo wao tunayo na sisi, ila hatukuambiwa shuleni kwamba tunayo. Tulidhani kwamba sarufi ni mali ya wageni.

Makosa ya namna hii hayasemi neno lo lote isipokuwa kwamba msemaji alizaliwa penye Kiswahili, au Kigogo, au Kitaita, jambo ambalo si siri wala si aibu.

Lakini yako mengine.

Kiswahili chasema "anakuja" kwa mwanamume na kwa mwanamke, na "yeye" ni yeye. Kiingereza kinadai uchague. Mtu anapoandika barua ya kumsifu binti anayeomba nafasi ya chuo, akaanza kwa "she" na katikati akasema "he", mpokeaji hatasema, "Huyu mwandishi lugha yake haina jinsia." Atasema barua hii imenakiliwa kutoka kwa ile ya mtu mwingine. Mwandishi hakukusudia ubaya wo wote. Binti ndiye aliyeachwa nje.

Tena, sisi tuna "hu-". Twasema "husali kila siku", yaani ndiyo desturi yake mpaka leo. Wengi wakitafuta Kiingereza chake huandika "used to". Kwa Mwingereza maneno hayo yana maana ya desturi iliyokwisha. Ukimwandikia rafiki wa ng'ambo kwamba "I used to pray every day", usistaajabu akijibu kwa huzuni na kukuuliza imani imepatwa na nini. Hilo laweza kutuchekesha wote pamoja, naye mwandishi akiwamo. Lakini mwalimu akiandika juu ya kijana kwamba "he used to work hard", amekwisha kumwambia mwajiri kwamba kijana huyu siku hizi ni mvivu. Maneno matano ya sifa yamekuwa shtaka.

Kitenzi "kuazima" nacho kina njia mbili. Aliyetoa ameazima, na aliyepokea ameazima; sisi hujua kwa maneno yanayofuata. Kiingereza kina "lend" kwa atoaye na "borrow" kwa apokeaye, na wengi wetu hutumia "borrow" kwa wote wawili. Sasa ifikirie karatasi iliyoandikwa kwa haraka, "I borrowed him 50,000 shillings", ikatiwa sahihi mbele ya shahidi. Nani anamdai nani? Waliokuwapo wanajua. Miaka mitatu baadaye mmoja amekufa, mwingine amehama, na karatasi iko mikononi mwa watoto wao. Mwenye kusoma Kiingereza tu ataona kwamba aliyeandika ndiye mwenye deni. Kwa kitenzi kimoja mdai amegeuka mdaiwa, na wajukuu wataacha kusalimiana.

Na lililo baya kuliko hayo latoka katika maneno mafupi kuliko yote. Mtu akituuliza, "Huna ndugu huko?" sisi twajibu, "Ndiyo," maana yetu: ndiyo, ni kama ulivyosema, sina. Twaitikia usemi wa mwulizaji. Mwingereza haitikii usemi. Hutazama jambo lenyewe lipo au halipo. Akiulizwa vile, naye hana, hujibu "No". Basi kijana wetu amesimama mbele ya dirisha la afisa wa uhamiaji katika nchi ya mbali. Aulizwa, "You have no relatives here?" Naye, kwa adabu yake yote ya nyumbani, ajibu, "Yes." Mmoja amesema hana, mwingine ameandika anao. Likija kuulizwa tena, ataonekana mwongo. Vivyo hivyo kwa aulizwaye, "You did not take the money?"

Je, ni mwongo? Hapana. Augustino huyo huyo aliandika kitabu kizima juu ya uongo, akasema kwamba mwongo ni yule aliye na neno moja moyoni na jingine mdomoni, kwa kukusudia kudanganya. Aliyekosa neno kwa kutokujua hakumshuhudia jirani yake uongo. Amri ya tisa haikuvunjwa na "borrow". Twasema hivi wazi kwa sababu twajua kwamba wako wanaoibeba aibu ya Kiingereza chao kana kwamba ni dhambi ya kuungamwa, na wako waliowahi kuambiwa hivyo na wakubwa wao.

Hata hivyo hatuwezi kuishia hapo. Kutokujua si hatia. Kukataa kuuliza kwaweza kuwa hatia. Mtu anayejua kwamba Kiingereza chake hakitoshi kuandika karatasi ya deni, na jirani yake ni mwalimu, na akaona afadhali aandike mwenyewe kuliko kubisha hodi, huyo hakuteleza tu. Ameiweka haki ya mwenzake rehani ili kulinda heshima yake mwenyewe.

Lakini kwa nini hakubisha hodi?

Hapa ndipo tunapotaka wasomaji wetu wakae nasi kidogo, maana kwa kadiri tuonavyo ndipo ulipo mzizi. Hakubisha hodi kwa sababu alikwisha kuona yaliyompata mwingine. Alikuwapo siku ya arusi, akakisikia kikohozi cha benchi la nyuma, labda na yeye alikohoa. Akajifunza kwamba afadhali kosa lililofichwa katika karatasi kuliko kosa lililosikiwa na watu. Kicheko chetu hakikufuta hata kosa moja la Kiingereza katika mtaa huu. Kiliyahamisha tu. Kiliyatoa makosa yasiyodhuru, yale ya "furnitures", kutoka jukwaani, na kuyaacha makosa yenye kudhuru yakae gizani, katika barua, mikataba na fomu, ambamo hakuna wa kuyaona mpaka siku ya hasara. Acheki mtu "discuss about" siku ya Jumamosi, na Jumatatu karatasi ya "borrow" imetiwa sahihi bila kuonyeshwa mtu. Mcheka na yule mwandishi hawajuani, lakini mbele za Mungu twadhani hesabu yao inagusana.

Na kicheko hiki kinachagua watu. Mgeni kutoka Ulaya akisimama akasema "kitabu yangu imepotea", kanisa zima hupiga makofi. "Anajua Kiswahili huyu!" Hakuna aliyemhesabia ngeli. Twamsifu kwa kuwa amejaribu, na twafanya vema. Mtoto wetu wenyewe, aliyesoma shule ya msingi ya serikali kwa Kiswahili akaingia sekondari akakuta masomo yote yamegeuka Kiingereza katika muhula mmoja, akijaribu vile vile twamhesabia kila herufi. Katika siku za ukoloni nchini Kenya walowezi walikuwa na Kiswahili chao, watu wakakiita Kisetla. Kilikuwa na maneno machache, ngeli zimetupwa zote, na vitenzi vyake karibu vyote vya kuamuru: lete, ngoja, toka. Hakuna setla aliyenyimwa cheo kwa ajili hiyo. Na angalieni, neno "lete" katika sarufi halina kosa hata moja. Ni kitenzi safi cha amri. Kosa lilikuwa kwamba mtu aliweza kuishi miaka thelathini na mpishi wake bila kuona haja ya kujifunza "naomba uniletee".

Wakati huo huo, katika shule nyingi za Afrika Mashariki, mtoto aliyesikiwa akisema lugha ya mama yake alivishwa kipande cha ubao au kigae shingoni, akitembea nacho mpaka amsikie mwenzake akikosa, amvishe na yeye. Jioni aliyekutwa nacho alichapwa. Tabia hiyo haikwisha na uhuru. Iliendelea katika shule nyingine miaka mingi baadaye. Watoto walifundishwa Kiingereza, na pamoja nacho wakafundishwa kuwinda kosa la mwenziwe ili kujiokoa. Wengi tuliopo katika mabenchi hayo ya nyuma twatoka huko, ndiyo maana twakohoa upesi hivyo. (Watu wa pwani nao wakumbuke wanavyomsikiliza mtu wa bara akisema Kiswahili. Hatuendelei.)

Wengine watatuuliza: Je, mwataka tunyamaze? Mwalimu asiyesahihisha ampenda mwanafunzi? Hapana, hatutaki mnyamaze. Katika Matendo ya Mitume sura ya 18 tunasoma habari za Apolo wa Aleksandria, mtu wa elimu, hodari wa kusema, akifundisha katika sinagogi la Efeso, naye mafundisho yake yalikuwa na upungufu. Prisila na Akila walikuwapo, wakamsikia. Hawakukohoa. Wala hawakumwacha aendelee na upungufu wake kwa kisingizio cha upole. Walimchukua kwao, wakamweleza kwa usahihi zaidi. Na Bwana wetu, katika Mathayo 18, alipofundisha namna ya kumwendea ndugu aliyekosa, alianza na wewe na yeye peke yenu. Kama dhambi yenyewe yapewa faragha hiyo, kihusishi je?

Kwa hiyo yafaa kupima kwanza: kosa hili litamdhuru nani? Kama halimdhuru mtu, liache lipite, au likirudi katika mazungumzo litumie wewe neno lile kwa usahihi bila kulionyesha kidole. Mwenye akili atalishika. Ukimsikia kijana akisema "informations", mjibu, "Thank you for the information," yatosha. Kama ni kosa lenye kudhuru, usingoje. Msimamishe kabla ya sahihi, hata kama ni mkubwa wako, na umwambie, "Mzee, shikamoo, naomba tulitazame neno hili pamoja." Na aliye jukwaani asisahihishwe kamwe akiwa jukwaani. Hapo hana pa kwenda.

Liko neno moja tena, nalo ni juu ya kutumia Kiingereza pasipo haja. Katika Ibara 39 za Kanisa letu, zilizothibitishwa mwaka 1571, ile ya 24 yasema kwamba kuomba kanisani au kutoa sakramenti kwa lugha wasiyoifahamu watu kwapingana na Neno la Mungu. Iliandikwa dhidi ya Kilatini. Lakini hata Kiingereza kiliwahi kuwa kigeni kwa watu wa Kanisa hili: Kitabu cha Sala cha kwanza kilipotolewa mwaka 1549, watu wa Cornwall, magharibi ya Uingereza, waliasi, na katika malalamiko yao walisema kwamba baadhi yao hawakujua Kiingereza hata kidogo. Hatusemi kwamba ibara hiyo yahusu mikutano ya fedha. Lakini inapotokea kwamba watu ishirini, wote wazawa wa Kiswahili, wanaketi kusikiliza taarifa ya mapato na matumizi kwa Kiingereza, na nusu yao wakainua mkono kukubali wasichokielewa, twaona roho ya ibara ile imeguswa. Pasipo na mgeni, tuseme Kiswahili. Makosa mengi ya Kiingereza yatakuwa yamesahihishwa kwa siku moja, kwa kutotendwa.

Lakini benki haitaandika kwa Kiswahili kwa sababu sisi tumependa, wala chuo cha ng'ambo, wala dirisha la uhamiaji. Kwa hayo twashauri hivi. Katika mitaa yetu wako akina baba na akina mama waliofundisha Kiingereza miaka mingi na sasa wamestaafu. Wengine wao ndio hao hao wa benchi la nyuma, na elimu yao bado ni njema. Tungewaomba wakae nusu saa baada ya ibada ya Jumapili, penye meza ya vitabu, na mwenye barua, fomu au karatasi ya deni aje nayo kabla haijatiwa sahihi. Mwenye kuona haya kuonekana hapo na aipeleke nyumbani kwao jioni, na anayepokelewa hodi hiyo asiwasimulie watoto alichosoma.